Mafunzo ya siku tatu ya huduma za fedha kwa Wawakilishi: siku ya pili ndiyo inayolipa

Haya ni mafunzo juu ya sera na usimamizi wa huduma za fedha, yametungwa kwa ajili ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, makatibu wa kamati na watafiti wao. Yanaendeshwa na kampuni binafsi. Kwa kawaida hufanyika Unguja, na hupelekwa Chake Chake pale orodha inapofika watu kumi na tano. Ada hulipwa na taasisi inayopeleka watu, na ndani yake mna kitabu cha mafunzo, karatasi za mazoezi na chakula cha mchana. Nauli na malazi ni juu ya anayepeleka. Darasa ni saa sita kwa siku, kuanzia saa tatu asubuhi, na adhuhuri panaachwa nafasi ya kutosha ya sala na chakula bila ya watu kukimbizana.

Hukumu itangulie. Siku ya pili ni kazi nzuri mno na inastahili kila shilingi. Siku ya kwanza imepangwa kichwa chini miguu juu. Siku ya tatu inafaa, lakini ina pengo moja kubwa ambalo kwa Zanzibar halifai kuachwa.

Tuanze na siku ya kwanza. Saa tatu nzima za asubuhi zinakwenda kwenye maana za maneno: benki ni nini, riba ni nini, mfumuko wa bei unapimwaje, tofauti ya hisa na hatifungani. Maelezo ni sahihi, lakini Mheshimiwa aliyekwisha kukaa kwenye Kamati ya Bajeti msimu mmoja tu hayo anayo, na asiyekuwa nayo anaweza kuyasoma usiku kwenye kitabu. Suala analotoka nalo jimboni ni jengine: hili nililoulizwa na wananchi liko mikononi mwetu Chukwani, kwenye Baraza, au liko Dodoma, kwenye Bunge la Muungano? Suala hilo linafika mezani baada ya chakula, watu wameshachoka. Lilitakiwa liwe la kwanza, kwa sababu kila kinachofuata kinasimama juu yake.

Jibu la juu juu linajulikana na wengi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina Nyongeza ya Kwanza yenye mambo 22 ya Muungano, na jambo la 12 linachukua sarafu, mabenki pamoja na ya kuweka akiba, shughuli zote za mabenki, na usimamizi wa fedha za kigeni. Kwa hiyo leseni ya benki, mtaji wa benki, mifumo ya malipo ya simu na riba ya Benki Kuu havipitishwi Chukwani. Vinasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 14 Juni 1966. Mjumbe akifika hapo mara nyingi hukunja karatasi: fedha ni Muungano, basi. Mafunzo haya yana sifa ya kukataa kuishia hapo.

Wanachofanya ni hiki. Kila meza ya watu watano inapewa bahasha yenye kadi 14, na kila kadi ina tatizo moja lililoandikwa kwa lugha ya kawaida. Mezani pana karatasi kubwa yenye safu tatu: Muungano, Zanzibar, pande zote mbili. Kadi moja inasema: wanachama wa Saccos ya Wete hawawezi kutoa akiba zao kwa miezi minne. Meza nyingi huiweka Muungano bila ya kufikiri, maana pametajwa akiba. Mkufunzi huwaacha wamalize, halafu huwataka waonyeshe kwa kidole, katika yale mambo 22, palipoandikwa ushirika. Hapapo. Vyama vya ushirika vinaendeshwa kwa sheria ya Zanzibar yenyewe, na aliyeisajili Saccos ile ni mrajis wa Zanzibar. Kimya kinachofuata hapo ukumbini kinafundisha zaidi ya projekta ya asubuhi nzima.

Kadi nyengine zinafuata njia hiyo hiyo. Benki imekataa kiwanja kuwa dhamana kwa sababu hati haijakamilika: ardhi si jambo la Muungano, inatawaliwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya 1992. Kampuni haijulikani mwenyewe hasa ni nani: usajili wa kampuni Zanzibar unafanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, chombo cha Serikali ya Mapinduzi. Michango ya wafanyakazi inawekezwa wapi: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, umeanzishwa kwa sheria iliyopitishwa na Baraza mwaka 1998. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya ndani: Zanzibar ina sheria yake, nayo ni ya 1998, na inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyokuwa ikijulikana kama Bodi ya Mapato, ZRB.

Ukizikusanya kadi hizo pamoja utaona jambo ambalo kitabu cha mafunzo hakilisemi kwa sauti ya kutosha. Leseni ya benki iko Muungano, lakini vitu vinavyoifanya benki ikopeshe au ifunge mkono visiwani vingi viko Chukwani: hati ya ardhi, kasi ya mahakama katika kuuza dhamana, rejista ya kampuni, sheria ya ushirika, kodi ya mauziano. Mjumbe anayelalamika barazani kwamba mabenki hayakopeshi wakulima wa Pemba, huku muswada wa usajili wa ardhi unapita mbele yake na yeye hana la kuuliza, amekosa mlango aliokuwa na ufunguo wake. Zoezi lingekuwa bora zaidi kama lingeongeza kadi ya eka tatu, yale mashamba yaliyogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi: mtu aliyerithi eka ya serikali yenye mikarafuu, anaweza kuipeleka benki au hawezi, na kwa masharti gani? Kwa Pemba hilo ndilo suala la kwanza.

Kadi ya bima ndiyo iliyowasumbua wakufunzi. Neno bima halimo katika mambo 22, lakini Sheria ya Bima ya 2009 inatumika pande zote mbili na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina ofisi yake Zanzibar. Mjumbe yeyote makini atauliza imekuwaje. Jibu walilotoa lilikuwa "ni utaratibu uliokubaliwa", kisha wakaendelea. Haitoshi. Mahali pa kulipeleka suala hilo pamo ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, Ibara ya 132: sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar isipokuwa iwe ni kwa mambo ya Muungano tu, na sheria kama hiyo lazima iwasilishwe mbele ya Baraza na Waziri anayehusika. Ibara hiyo imetajwa kwenye kitabu kwa mstari mmoja, ukurasa wa nyuma. Inastahili saa nzima, pamoja na zoezi la kuandika suala la msingi kwa Waziri: sheria hii iliwasilishwa lini, kwa hati ipi, na Baraza lilisema nini. Hali kadhalika njia ya pili ambayo kitabu kimeisahau kabisa: Baraza linachagua wajumbe wake watano kuingia Bungeni. Watano hao ndio wanaoweza kusimama Dodoma kwenye muswada wa benki wakiwa na hoja iliyotoka Chukwani, na hakuna sababu ya kamati kukaa kimya bila ya kuwapa waraka.

Katika siku hiyo hiyo mna kipindi cha dakika tisini kuhusu Marekani. Wazo si baya. Kule bima inasimamiwa na majimbo, msingi wake ukiwa ni sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945, na benki inaweza kuchagua leseni ya jimbo au ya taifa, mpango uliotokana na sheria za mabenki za 1863 na 1864. Watunga sheria wa majimbo wana hata jumuiya yao ya kusomeshana mambo ya bima, NCOIL, tangu 1969. Mwakilishi wa Zanzibar ana la kujifunza hapo, hasa jinsi wanavyoandaa miswada ya mfano ambayo jimbo moja likishaitengeneza mengine huichukua na kuirekebisha.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa lugha: kwetu jimbo ni mahali mtu anapochaguliwa. Mkufunzi akisema "majimbo yana mamlaka juu ya bima", mjumbe anafikiria jimbo lake, na dakika kumi zinapotea mpaka watu waelewane. Ingetosha kusema "majimbo ya Marekani, yenye serikali na bunge lake kila moja" mara ya kwanza na kuliandika ubaoni. Wa pili ni mkubwa zaidi. Katika Marekani mamlaka ambayo katiba haikuyapa taifa hubaki kwa majimbo, na majimbo hayo yanatoa leseni za benki. Zanzibar nayo inabaki na yale yasiyokuwa ya Muungano, ila mabenki yametajwa kwa jina kwenye orodha. Mfano wa benki ya jimbo kwa hiyo hauna pa kutua hapa. Mfano wa ushirika, bima na ulinzi wa mkopaji unatua. Slaidi zao zinachanganya yote mawili.

Siku ya pili ndipo wakufunzi wanapoonyesha kwamba wanaijua kazi.

Asubuhi kila mshiriki anapewa taarifa ya robo mwaka ya benki, ile inayochapishwa magazetini, ikiwa imefutwa jina. Iko kwa Kiingereza kama zilivyo kawaida, na pembeni pana karatasi yenye maneno 40 na Kiswahili chake: mizania, amana, mtaji wa msingi, mikopo chechefu, tengo la hasara. Mshiriki haambiwi asome kutoka juu. Anaambiwa ashuke moja kwa moja chini, kwenye viashiria, na atafute mistari mitatu kwa mpango huu: mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, kwa mikopo yote, mikopo kwa amana, na mtaji kwa mali. Kisha alinganishe robo hii na iliyopita, maana taarifa huwa na safu mbili. Ndani ya nusu saa mtu ambaye hajawahi kugusa mizania anaweza kusema benki hii inakopesha kupita amana zake, na mikopo mibovu imepanda. Huo ndio ujuzi ambao kamati inauhitaji pale shirika la umma linapoweka mamilioni ya akiba katika benki fulani.

Zoezi la mtaji linafuata. Benki ina mali zilizopimwa kwa hatari, yaani kila mkopo umehesabiwa kwa uzito wa hatari yake, za bilioni 100, na mtaji wa msingi, yaani pesa za wenye benki wenyewe, wa bilioni 12. Kiwango cha chini kilichotumika darasani ni asilimia 10 kwa mtaji wa msingi na 12 kwa mtaji wote. Mikopo ya bilioni 3 imekufa. Mtaji unabaki bilioni 9. Darasani jibu lililoandikwa ubaoni lilikuwa asilimia 9, na hapo pana kosa dogo: mikopo iliyofutwa inatoka na upande wa mali vile vile, kwa hiyo ni 9 kwa 97, yaani karibu asilimia 9.3. Tofauti ni ndogo kwa mfano huu, lakini kwa benki iliyokaa ukingoni inaweza kuamua kama imevunja kiwango au haijavunja. Somo lenyewe hata hivyo limefika: hasara ya asilimia 3 tu ya mali imeiondosha benki kutoka salama hadi chini ya kiwango cha sheria, kwa sababu mtaji ni utando mwembamba juu ya pesa za watu. Baada ya zoezi hili suala la "kwa nini Benki Kuu inaibana benki ambayo bado inapata faida" halikuulizwa tena.

Bima ya amana, yaani mfuko unaomlipa mteja benki ikifungwa, imefundishwa vizuri kwa mfano mmoja. Mteja ana milioni 6 kwenye akiba na milioni 5 kwenye amana ya muda maalumu, benki moja. Benki ikifungwa analipwa nini mwanzo? Nusu ya darasa ilijibu zote, kwa kuhesabu kila akaunti peke yake. Sivyo. Kinga ni ya mteja katika benki, si ya akaunti, na kikomo ni milioni 7.5, milioni 3.5 iliyobaki inasubiri mali za benki ziuzwe. Angeziweka benki mbili tofauti, zote zingekuwa ndani ya kinga. Kitabu bado kimeandika kikomo cha zamani cha milioni 1.5, na mkufunzi alisahihisha kwa mdomo. Kwenye mafunzo ya watunga sheria hilo si jambo dogo: mjumbe atakinukuu kitabu barazani, siyo mdomo wa mkufunzi. Kosa kama hilo limo pia kwenye sura ya sera ya fedha, inayoeleza mfumo wa kulenga ujazi wa fedha, yaani kiasi cha pesa kilichomo kwenye mzunguko, kama ndio unaotumika. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza kwa riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5.

Mfano wa bima ya amana ulifungua mjadala ambao haukuwa kwenye ratiba, na wakufunzi wanastahili sifa kwa kuuacha uendelee. Pesa iliyoko kwenye simu je? Kampuni inayotoa pesa ya mtandao inatakiwa kuweka thamani ile ile kwenye akaunti ya amana ya dhamana benki, kwa hiyo pesa ya mteja haipaswi kuchanganywa na pesa ya kampuni. Saccos je? Haimo katika Bima ya Amana kabisa, kwa sababu mfuko ule ni wa taasisi zenye leseni ya Benki Kuu. Hapo kadi ya Wete ya siku ya kwanza ilirudi mezani yenyewe: wanachama wale hawana mfuko wa kuwafidia, kinga yao pekee ni sheria ya ushirika na ukaguzi wa mrajis, na vyote viwili vinapita Chukwani. Kamati inapaswa kuuliza idadi ya wakaguzi wa ushirika Pemba, Saccos ngapi zimekaguliwa mwaka uliopita, na ni siku ngapi zinapita kati ya ukaguzi na ripoti.

Mchana wa siku hiyo ni wa mikopo ya kausha damu. Mfano: mtu anakopeshwa 200,000 kwa simu, anarejesha 280,000 baada ya siku 14. Tangazo linasema "asilimia 40 tu". Wakufunzi wanawafanya washiriki wazidishe: mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili, kwa hiyo ni asilimia 1,040 kwa mwaka kwa hesabu ya kawaida, bila ya riba juu ya riba. Kisha wanaongeza jambo linalosahauliwa: 20,000 ya "ada ya kufungua" imekatwa kabla, mkopaji ameshika 180,000 mkononi na analipa nyongeza ya 100,000, yaani karibu asilimia 56 kwa wiki mbili. Kosa la watunga sheria ni kuweka kikomo cha riba peke yake. Mkopeshaji anahamishia faida kwenye ada, faini na "bima". Kifungu kinachofaa kinalazimisha gharama zote zitajwe kwa namba moja kabla ya mkopaji kukubali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizokuwa na leseni, na wakufunzi walieleza kwa nini kufungia jina la programu hakutoshi: kesho inarudi kwa jina jengine. Kinachouma ni kuzuia njia ya malipo na kulinda orodha ya namba za simu za mkopaji, maana kudhalilisha mtu kwa jamaa zake ndiyo dhamana ya wakopeshaji hawa.

Siku ya tatu inafuatilia sheria kutoka muswada hadi mfukoni. Mfano mkuu ni tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021. Ilipita ndani ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kwa kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Sheria ikaweka wigo wa shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, viwango vyenyewe vikaachwa kwa kanuni za Waziri. Kufika Septemba vilishapunguzwa kwa asilimia 30 kutokana na malalamiko. Washiriki wanafundishwa kushika muswada wa fedha pamoja na sheria mama, kutafuta maneno "Waziri anaweza kutunga kanuni", kukokotoa tozo kwa muamala wa 5,000, wa 50,000 na wa milioni moja, kisha kuuliza nani anakusanya na pesa inaingia kapu gani. Njia hiyo hiyo inafaa kwa muswada wa fedha wa Zanzibar kila Juni. Kinachopigiwa mstari, na ni kweli tupu, ni kwamba mzigo mara nyingi haumo ndani ya sheria. Umo kwenye kanuni, ambazo mjumbe asipodai kuziona pamoja na muswada ataziona zikishaanza kukata.

Kipindi cha fedha haramu ni kifupi na kimetulia. Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kufuatiliwa kwa karibu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, Oktoba 2022 na ikatoka Juni 2025. Zanzibar ina sheria yake ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya 2009, na wajumbe wanaonyeshwa mahali inapowagusa wauzaji wa nyumba, mawakili na wahasibu. Kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi zilipata dakika ishirini tu. Kwa visiwa vinavyoishi kwa utalii, ambako vyumba vya Nungwi na Paje vimezoea kuandikwa bei kwa dola, hilo lilihitaji zoezi kamili: mwenye nyumba ya wageni afanye nini na mkataba wa zamani wa dola na wakala wa Ulaya, na Baraza lifanye nini wakati fedha za kigeni ni za Muungano lakini utalii ni wetu.

Sasa lile pengo. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ilianza 1966 na imekuwa na huduma za Kiislamu tangu 2011. Serikali ya Mapinduzi nayo ilitoa sukuk yake, yaani hatifungani ya Kiislamu isiyokuwa na riba, mwaka 2025. Mafunzo ya siku tatu kwa Wawakilishi wa Zanzibar yana slaidi nne tu juu ya fedha za Kiislamu, na zote ni maana za maneno: murabaha, mudharaba, ijara, takaful. Neno kodi halimo, na kodi ndipo Baraza lenye nguvu.

Chukua mwenye duka wa Darajani anayetaka majokofu ya milioni 20. Akikopa kwa riba, benki inampa pesa, ananunua mwenyewe, analipa nyongeza ya milioni 3. Mauziano ni mamoja. Kwa murabaha benki inanunua majokofu kwa 20, inamuuzia kwa 23 kwa mwaka mmoja. Kwa macho ya sheria ya kodi iliyoandikwa bila ya kufikiria jambo hili, hapo pana mauziano mawili, na ile milioni 3, ambayo ingekuwa riba isiyotozwa kodi ya mauzo, inaweza kuhesabiwa kama sehemu ya bei ya bidhaa. Mtu aliyekimbia riba kwa imani yake anaishia kulipa zaidi. Dawa ni kifungu kifupi kinachosema faida ya benki katika muamala kama huo itatizamwa kama riba, na uhamisho wa umiliki kupitia benki hautatozwa mara mbili. Uingereza iliondosha ushuru wa mara mbili kwenye ununuzi wa nyumba wa namna hii mwaka 2003. Baraza lina mamlaka ya kulifanya hilo kwenye kodi zake lenyewe, na mjumbe anapaswa kutoka darasani akiwa na rasimu ya kifungu mkononi.

Kwenye sukuk pia kilitakiwa kipindi cha maswali ambayo kamati itauliza: mali gani imewekwa chini ya sukuk, nani anaitengeneza ikiharibika, malipo ya wawekezaji yamo kwenye fungu gani la bajeti, na mradi usipozalisha kinalipwa na nini. Deni likivaa jina jengine bado ni la kulipwa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atalitafuta.

Kwa wanaofikiria kununua huduma hii, mambo machache ya vitendo. Darasa lisizidi watu 20, zaidi ya hapo zoezi la kadi linakuwa kelele. Wapelekeni makatibu wa kamati pamoja na wajumbe, kwa sababu mjumbe hubadilika kwenye uchaguzi na katibu hubaki na faili. Msikubali siku tatu zibanwe kuwa mbili. Kinachokatwa kila mara ni mazoezi ya siku ya pili, na bila ya hayo inabaki hotuba. Kwa Chake Chake wakufunzi wasafiri siku moja kabla, maana boti ya asubuhi ikichelewa kufika Mkoani, siku ya kwanza imekwenda. Toleo la Kiswahili la kitabu lipo lakini huletwa kwa kuombwa, na lina kurasa chache kuliko la Kiingereza: zilizokosekana ni majibu ya mazoezi na kiambatisho cha mambo 22. Liombeni wiki mbili kabla, likiwa na kurasa hizo, na dai hilo liwekwe kwenye barua ya makubaliano kabla ya ada kulipwa, pamoja na dai la kipindi cha saa tatu cha kodi na fedha za Kiislamu mahali pa zile maana za maneno za asubuhi ya kwanza.